Mkono wa Wifi

Kwa siku ya nne mfululizo, nyumbani kwa Ciril Kogej chakula cha mchana kililiwa sahani zikiwa zimepakatwa. Meza iliyo karibu na dirisha ilikuwa imetekwa. Juu yake ilisimama runinga, na mbele ya runinga kamera ndogo, ukubwa wa pakiti ya sigara, iliyofungwa kwenye mguu wa taa ya zamani. Kati ya viwili hivyo ililala bodi ya kijani isiyozidi kiganja cha mtoto, ikiwa imeunganishwa na kamera kwa utepe wa nyaya nyembamba kama nywele. Kitaa cha bodi kilikuwa kinawaka tangu Ijumaa, mchana na usiku. Runinga nayo iliwaka, lakini kwenye kioo chake cheusi yalielea maneno yale yale ya Ijumaa, Jumamosi na Jumapili: Hakuna mawimbi.

"Supu inapoa," alisema Zofka, mkewe.

"Iache ipoe."

"Jana ulisema hivyo hivyo, paka akanenepa."

Ciril hakucheka. Alikuwa ameshika kijiti cha kuchokolea meno, anapindua swichi moja baada ya nyingine pembeni mwa bodi. Zilikuwa swichi nane, kila moja ndogo kuliko punje ya mchele, na kitabu cha maelekezo kilisema kwamba kila mpangilio wake ulitoa aina yake ya picha. Kamera yenyewe alipewa kiwandani, mashine za kukagulia mota zilipong'olewa na wastaafu wakaitwa wajichukulie vyuma chakavu. Bodi aliiagiza kwa fedha za kuni za msimu wa baridi. Zofka alilijua hilo na hakulisema.

"Na hicho kitaa, si ukizime hata usiku? Kinakula umeme."

"Chombo cha kazi hakizimwi ovyo ovyo."

Hilo alikuja nalo kutoka kazini. Miaka thelathini na mmoja alisuka nyaya za mota katika ukumbi ambamo swichi kuu nyekundu iliguswa na msimamizi peke yake, na mwingine yeyote aliyeigusa alijieleza kwa maandishi. Wazee wote wa kiwanda kile wako hivyo. Hata redio zao hawazizimi, huzipunguza sauti tu.

Zofka aliinuka, akapapasa ukingo wa meza, akarudi kwenye mto wake pale dirishani. Alikuwa na miaka sitini na minane. Tangu majira ya kuchipua, katikati ya uoni wake palikuwa pamekufa. Daktari wa jijini Ljubljana alisema sindano hazisaidii kwa ugonjwa wa aina yake, akampa karatasi yenye maandishi makubwa ambayo hakuweza kuyasoma. Alichokikazia macho ndicho kilichotoweka, na alichokiacha pembeni ndicho kilichobaki. Uso wa mumewe alikuwa anauona vizuri zaidi akitazama kabati.

Na sisi watu wa Idrija, mji wa lesi, tunajua maana ya hilo kwa mwanamke kama yeye. Kwetu msichana hufundishwa kusuka lesi kabla hajaweza kufunga kamba za viatu. Hukalishwa mbele ya mto wa mviringo ulioshindiliwa vumbi la mbao, karatasi ya mchoro ikiwa imezungushwa juu yake, na vijiti vya uzi vikining'inia jozi jozi. Vidole hupishanisha vijiti, pini huchomekwa kwenye tundu la mchoro, vijiti vinapishana tena, na mwishowe utepe wa lesi unazunguka na kushikizwa wenyewe kwa wenyewe kwa kulabu ndogo. Zofka aliifanya kazi hiyo miaka sitini na miwili, ishirini kati yake akiwa mwalimu. Kwenye mto wake kulikuwa na lesi ya pindo la kitambaa cha altare ya kanisa letu, nadhiri aliyoiweka kwa ajili ya marehemu mama yake. Ilitakiwa ibarikiwe Jumapili. Ilikuwa imebaki shubiri moja na nusu.

*

Jumatatu hiyo hiyo, kabla ya saa kumi, alikuja Milena Lapajne. Milena alikuwa mwanafunzi wa Zofka, na sasa ndiye mkuu wa shule ya lesi. Alivaa viatu visivyotoa sauti, akabeba mfuko wa keki, akaongea kwa sauti ya juu kidogo, vile watu wanavyoongea na wasioona wakidhani hawasikii pia.

"Mwalimu, hujambo? Tumekuwekea kiti kwenye tamasha la mwakani. Pale mlangoni kabisa."

"Mlangoni nasuka nini?"

"Husuki, mwalimu. Unapokea wageni. Watu wanapenda kukuona."

Zofka alitabasamu kwa mdomo tu. Nyuma ya Milena mlango ulifunguliwa akaingia Tončka, dada yake Ciril, mjane wa miaka sabini na mmoja, ambaye wiki ya sita sasa alikuwa anakuja kila siku saa kumi kunywa kahawa. Zamani alikuja mara mbili kwa mwaka na zote mbili wakagombana. Tončka naye alikuwa msusi, na kama wifi wengi aliamini kaka yake alioa chini ya kiwango.

Milena aliinama juu ya mto kuitazama kazi. Aliinama kwa muda. Kidole chake kilipita juu ya lesi bila kuigusa, kikasimama, kikasogea, kikasimama tena.

"Ni nzuri," alisema hatimaye. Kisha akaongeza, "Lakini siku ni chache, mwalimu. Kama mama Tončka angekushika mkono kidogo kwa hiyo iliyobaki, hakuna ambaye angesema kitu."

"Tončka?" Zofka alicheka. "Huyu anavuta uzi kama anamfunga ng'ombe. Toka tukiwa wasichana. Ukiweka kipande chake kati ya vya kwangu, hata padri atajua."

"Ng'ombe wangu hawakutoroka hata siku moja," alijibu Tončka.

Wote walicheka. Zofka ndiye aliyeacha kwanza.

"Sikiliza, Milena, na wewe wifi usikie, na yule bwana mwenye meza asikie. Huku kwetu lesi haitiwi sahihi, mkono ndio unaosomwa. Kitambaa hiki ni cha mama yangu. Kitamalizwa na vidole hivi hapa, kila tundu. Nikishindwa nitazikata nyuzi mwenyewe kwa mkasi, na Bikira Maria atalala bila lesi. Sitaki mtu anishikie mkono."

Ciril alipindua swichi nyingine bila kuitazama. Milena alimtazama Tončka, Tončka akaitazama keki.

"Lilikuwa wazo tu, mwalimu," alisema Milena, akaaga upesi kuliko alivyokusudia.

*

Saa kumi ilipogonga Zofka alikwenda kupika kahawa. Kupika kahawa kulimchukua dakika ishirini. Alitafuta kopo kwa kupapasa, akapima maji kwa kutia kidole ndani ya birika, akasubiri povu lipande kwa kulisikiliza. Msaada hakutaka. Mlango wa jiko aliufunga, kwa sababu hakutaka watu waone anavyomwaga sukari.

Mlango ulipofungwa tu, Tončka alikuwa tayari amekaa mbele ya mto, miwani puani. Hakupoteza hata dakika. Alizichomoa pini tano, akafumua kazi ya asubuhi ya Zofka, upana wa vidole viwili, ambamo nyuzi zilikuwa zimeruka matundu na kupishana pasipotakiwa. Kisha vijiti vikaanza kugongana mikononi mwake, haraka na kwa sauti ndogo. Alikuwa anarudisha kazi pale pale ilipokuwa, idadi ile ile ya pini, ili mwenyewe akirudi asihisi kitu. Wiki sita alifanya hivyo, si kila siku, ila kosa lilipozidi. Siku ya kwanza hakuambiwa na mtu. Aliona kosa, akaketi. Ciril alimwona, akaenda kusimama karibu na mlango wa jiko. Basi ikawa ndiyo kazi yake. Akisikia vikombe vinawekwa kwenye sinia, anakohoa.

"Umesikia alivyosema," alinong'ona Ciril.

"Nina masikio."

"Akikata je?"

"Atakata akijua. Nani atamwambia?" Tončka alichomeka pini, akaitazama runinga kwa jicho moja. "Kaka, hiki kidude chako kikiwaka kitaonyesha nini?"

"Kila kitu. Uzi utakuwa mnene kama kamba. Ataona kwa pembeni ya jicho, nimejaribu kwa picha kubwa kubwa, zinamfaa. Hatahitaji mtu."

"Kitaonyesha kila kitu kuanzia leo, au hata cha nyuma?"

Ciril aliutazama mto. Siku zote hizo, katika hesabu zake zote za swichi, hilo halikumjia. Kwake kamera ilikuwa ya shubiri moja na nusu iliyobaki. Hakuwahi kufikiri kwamba mto haufichi kitu, kwamba lesi yote ilikuwa pale pale juu ya pini zake, wiki sita za mkono wa dada yake.

"Sogeza kamera nyuma kidogo tu," alisema Tončka, "na mkono wangu huo hapo, mkubwa kama ukuta. Ataujua kabla hujamaliza kuvuta pumzi."

"Nilitaka amalize mwenyewe."

"Najua ulichotaka. Basi kisiwake mpaka Jumamosi. Siku tano tu, kaka. Jumapili tukitoka kanisani kiwashe hata kiimbe."

Jikoni vikombe viligonga sinia. Ciril alikohoa. Zofka alipoingia, Tončka alikuwa kwenye kiti cha wageni anakata keki, na miwani ilikuwa mfukoni.

"Nilidhani utakuwa umeshaila yote, wifi," alisema Zofka.

"Nilikungoja. Mimi nina adabu."

*

Ciril alianza kudanganya, na hakuwa na kipaji hicho. Jumanne aliisogeza kamera mbali na vijiti, akiamini haitawaka, ikawa inatazama sehemu ya mto iliyokwishasukwa, akajifanya anasoma kitabu cha maelekezo. Jumatano alizipangua swichi na kuzirudisha jinsi zilivyokuwa Jumapili jioni, bila kuwa na nia yoyote nazo.

Jambo ambalo hakulijua ni kwamba Jumapili ile alikuwa ameshafaulu. Tatizo lilikuwa dogo. Kamera ilizoea kiwandani kutoa picha sitini kwa sekunde, na bodi aliipanga kwa hamsini, kama runinga ilivyotaka, kwa hiyo havikuelewana. Jumapili aliiandikia kamera amri kwa kompyuta ibadilike iwe ya hamsini. Kamera iliipokea amri na kuihifadhi. Lakini kamera za aina ile hazitii amri kama hiyo mpaka zizimwe na kuwashwa upya. Ukurasa wa kumi na saba ulisema hivyo. Ciril aliufikia ukurasa huo, akaona neno kuzima, akaufunua haraka kama mtu aliyekutana na tusi.

"Umekata tamaa," alisema Zofka Jumatano mchana.

"Nani kasema?"

"Siku zile ulikuwa unatukana. Leo tangu asubuhi unapiga mluzi. Mtu anayetengeneza kitu hapigi mluzi."

"Kuna mambo ya kusubiri."

"Mimi sina cha kusubiri, Ciril. Kila siku naona kidogo kuliko jana." Aliokota vijiti viwili. "Ulikuwa umepanga kukielekeza wapi hicho kijicho chako?"

"Kwenye mikono yako. Uone unachofanya."

"Mikono?" Zofka aligeuka upande wa kabati, akamwona vizuri. "Miaka arobaini na mitatu tunaishi wote na unadhani naangalia mikono? Mikono inajua kazi yake. Hakuna msusi anayeangalia mikono. Naangalia tundu ambalo pini inakwenda. Tundu moja tu, mbele ya uzi. Ukinipa hilo, vingine vyote ninavyo."

Ciril alihisi uso unawaka. Alitaka kumwambia ukweli pale pale. Kisha akaukumbuka mkasi, uliokuwa umening'inia kwenye utepe mwekundu kando ya mto, na akasema anakwenda kupasua kuni. Hazikuwa nyingi za kupasua.

Zofka alibaki na vijiti vyake. Alichomeka pini, akagusa kwa ncha ya kidole, akaichomoa, akachomeka tena. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kisha akajifuta na kuendelea.

*

Alhamisi baada ya chakula Ciril alikwenda kumsindikiza dada yake sokoni. Ukweli ni kwamba hakuweza kukaa chumba kimoja na mkewe. Zofka aliona ni vyema apige pasi blauzi ya Jumapili. Soketi iliyo karibu na dirisha ilikuwa na plagi za mumewe tele. Alizipapasa moja moja, akaifuata waya ya bodi mpaka mwisho wake, akachomoa. Kitaa cha kijani kilizimika kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, na kamera, iliyopata umeme wake kwenye bodi, ikazimika nayo.

Alipiga pasi blauzi, akapiga na vitambaa viwili vya mkononi kwa kuwa pasi ilishapata moto. Alipomaliza alirudisha plagi ya bodi mahali pake, akaisukuma mpaka ikashika, kwa sababu hakutaka ugomvi.

Runinga ililia kidogo. Zofka aligeuka. Pale ambapo kwa wiki nzima palikuwa na giza, palikuwa na mwanga, na ndani ya mwanga kitu cheupe kilichosukwa, kikubwa kama mlango. Alidhani ni tangazo. Kisha akakitazama kidogo pembeni, kama alivyojifunza, na kitu kile kikatulia na kuwa uzi. Uzi wake. Aliona pini zimesimama kama nguzo za uzio, na kati yake utepe wa lesi ukipinda, na kila tundu likiwa tundu.

Aliketi taratibu. Miezi mitano hakuwa ameona kazi yake. Kwa muda alifurahi tu, furaha isiyo na kitu kingine ndani yake. Aliusogeza mto kidogo chini ya kamera, picha ikateleza. Aliusogeza tena. Palikuwa na kona aliyoisuka mwezi Juni, aliikumbuka. Nyuzi zilikuwa zimelegea kidogo, kama mkono wake ulivyokuwa siku zote. Palikuwa pazuri.

Kisha picha ikateleza na uzi ukakaza.

Hakuhitaji kutazama mara mbili. Matundu yalikuwa yamebanwa, kingo zimenyooka, kila fundo limevutwa mpaka mwisho wa nguvu za uzi. Ulikuwa upana wa vidole viwili. Baada ya hapo mkono wake ulirudi, na akauona jinsi ulivyokuwa mwezi Julai: tundu lililorukwa, jozi iliyopishana kinyume, pini iliyochomekwa kando. Kisha ule mkono wa kukaza, ukitengeneza. Kisha wake, ukikosea. Aliusogeza mto mpaka mwisho na kuhesabu. Mahali kumi na moja.

Alikumbuka kahawa zote zile. Alikumbuka kikohozi cha mumewe, ambacho alimchemshia chai ya asali. Na akamkumbuka Milena akiinama juu ya mto, na ule ukimya kabla hajasema ni nzuri. Milena alikuwa mwanafunzi wake mwenyewe, na yeye ndiye aliyemfundisha kusoma mkono. Basi aliyaona yote, na akasimama pale akamsikiliza mwalimu wake akila kiapo.

Zofka alinyoosha mkono akaufungua utepe mwekundu. Mkasi aliuweka mapajani.

*

Walirudi saa kumi kasorobo, wamebeba mkate na zabibu. Ciril ndiye aliyetangulia kuingia. Aliiona picha kwenye runinga kabla hajamwona mkewe, na kwa nukta moja fundi ndani yake alishangilia. Kisha akauona mkasi. Mfuko wa zabibu ukamtoka mkononi.

"Kimewaka," alisema Zofka. "Nilikizima nikakiwasha. Ndicho kilichokuwa kinataka."

Kwenye runinga kipande cha Tončka kilikuwa kimekaa katikati, kikubwa na cheupe.

"Mara ngapi, wifi?"

"Sikuhesabu," alisema Tončka.

"Mimi nimehesabu. Kumi na moja."

"Basi ni kumi na moja."

"Na wewe ulikuwa unakohoa."

"Nilikuwa nakohoa," alisema Ciril.

Zofka alitikisa kichwa polepole. Sauti yake haikupanda, na hilo liliwatisha zaidi. "Kunitengenezea kazi nyuma ya mgongo wangu, hilo ningeweza kulimeza. Jumatatu mlisimama hapa. Nilisema mbele ya mwanafunzi wangu kwamba ni vidole hivi tu. Mlinisikia, wote wawili. Mkaniacha niseme."

"Ningekwambia ungefanya nini?" aliuliza Tončka.

"Ningekutoa nje."

"Ndiyo maana sikukwambia." Tončka aliweka mkate juu ya ubao wa pasi, kwa kuwa meza haikuwa na nafasi. "Sikufanya kwa ajili yako, usijidanganye. Mimi na wewe hatujapendana kiasi hicho. Niliona tundu limerukwa nikashindwa kunywa kahawa. Mama yako ndiye aliyenifundisha kushika vijiti, mama yangu hakuwa na subira. Sikutaka kitambaa chake kipande altareni na matundu yaliyorukwa, watu wakacheka nyuma ya leso. Kata ukitaka. Lakini ukikata, ujue unakata na vya kwangu."

Zofka alishika nyuzi zote kwa mkono wa kushoto, fungu zima la jozi, akazikusanya kama mtu anayeshika nywele za mtoto. Mkasi ulifunguka. Ciril alipiga hatua, dada yake akamzuia kwa kiwiko.

Zofka alikuwa anaitazama runinga. Aliitazama kwa pembeni, kichwa kikiwa kimegeukia dirisha. Alipita juu ya kipande kile kilichokazwa, akarudi kwa chake kilichokosewa, akarudi tena. Vijiti viligusana kidogo chini ya mkono wake.

"Vyote viko upande mmoja," alisema hatimaye.

"Nini?"

"Vipande vyako. Vyote kumi na moja viko kushoto, kwa sababu ndiko nilikoanza kuharibu. Umekaza kushoto, kulia kumelegea. Kitambaa kikilazwa altareni kitavutika kushoto kama mlevi."

Tončka alivaa miwani, akaisogelea runinga. Alikuwa msusi, hakuweza kujizuia. "Kitavutika kweli," alikubali. "Kidogo."

"Si kidogo. Kwa vile unavyovuta wewe, si kidogo." Zofka aliziachia nyuzi. Mkasi aliufunga, akampa mumewe bila kumtazama. "Weka droo ya jikoni. Kisha uje unisogezee hiki kijicho. Tundu, Ciril, si mikono."

Ciril aliisogeza kamera, akazungusha lenzi yake mpaka tundu la mchoro likajaa runinga nzima, jeusi na la duara. Zofka alipishanisha jozi mbili bila kuziangalia, akanyanyua pini. Kwenye runinga pini ilichelewa nukta moja nyuma ya mkono wake, kwa hiyo aliingoja. Ilifika. Akaichomeka katikati kabisa. Alichomeka ya pili na ya tatu. Alisuka hivyo karibu nusu saa, na hakuna aliyeketi. Alipoacha, upana wa kidole kimoja ulikuwa umesukwa, na hapakuwa na tundu lililorukwa.

"Mkono ni wako," alisema Tončka. "Umelegea kizembe vile vile."

"Ndiyo, ni wangu." Zofka alijifuta macho kwa mkono wa blauzi. "Iliyobaki inaangukia kulia. Nitasuka asubuhi. Wewe utasuka jioni, ukaze kama unavyokaza, mpaka pande zote ziwe sawa. Na Jumapili padri asome majina mawili. Milena nitamwambia mwenyewe. Nilisema mbele yake, nitalifuta neno langu mbele yake."

"Jina langu si lazima."

"Si kwa ajili yako, usijidanganye."

Aliinuka, akampisha kiti. Tončka aliketi. Saa kumi ilikuwa imepita kitambo, na Zofka akaenda jikoni kupika kahawa. Safari hii mlango hakuufunga. Wakasikia kopo likitafutwa, sukari ikimwagika kidogo, na yeye akiinung'unikia.

Baada ya dakika ishirini vikombe viligonga sinia. Ciril alikohoa kabla hajajijua, na Tončka akaruka kutoka kwenye kiti, uzi ukiwa kwenye kulabu, fundo halijafungwa. Zofka alisimama mlangoni na sinia mkononi, mvuke unapanda usoni mwake. Aligeuza kichwa upande wa kabati na kuitazama runinga, ambamo uzi mmoja mnene ulikuwa unaning'inia bila mahali pa kwenda.

"Kaa, wifi," alisema. "Kahawa bado haijachemka."

Akageuka na sinia yake, akarudi jikoni.